Kukaa miguuni kwa mwenzio sio dhambi, ila usimpapase

Kuna watu wanaona kuogelea nyuma ya mtu kwenye mbio za maji ya wazi (baharini au ziwani) ni wizi, mi naona ni akili tu. Wa mbele anapasua maji, wewe unavutwa kwenye mkondo wake, pumzi unaitunza. Mapovu ya mateke yake yakikupiga usoni ujue upo penyewe, yakipotea ushaachwa hivyo ongeza mikono mitatu minne fasta kabla pengo halijakua.

Sasa shida ni vidole. Kumgusa unyayo mara moja bahati mbaya, sawa, kila mtu anaelewa, lakini kuna jamaa alinigusa kila mkono anaovuta kuanzia boya la kwanza mpaka la pili, nikapiga teke moja zito la maji nyuma, akakaa mbali kidogo, heshima ikarudi. (Haikuwa teke la mtu, la maji, tuelewane.)

Mi siku hizi napenda kukaa ubavuni, kichwa changu usawa wa nyonga yake, unaona mbele na hufungiwi njia, ila mikono lazima mpishane la sivyo mnagongana viwiko njia nzima. Na usimwamini dira yake kipofu kipofu, akipotea mnapotea wote, inua macho mwenyewe.

Mwishoni ukitaka kumpita toka pembeni mapema, usimpande. Olimpiki ya Rio 2016, Mfaransa Aurélie Muller alifika wa pili kwenye kilomita 10 wakamfuta, alimzuia mwenzake pale pale kwenye kugusa ubao wa kumalizia.