Amri namba 12

Jumamosi, saa saba usiku.

Mashindano yenyewe yalishakwisha zamani, Julai 2006. Ni yale ya kuandika programu ya ICFP, mkutano wa wataalamu wa lugha za kompyuta, mwaka ambao swali lilitungwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon: saa 72, faili moja kubwa lisilosomeka, na maelezo ya mashine ambayo haipo popote. Uiunde mwenyewe, kwa kuandika programu inayoiigiza, ndipo faili lifunguke. Mimi nimejipa wiki nzima, na sina wa kushindana naye.

Mashine ni ndogo kiasi cha kukudanganya. Rejista 8, yaani vijisanduku vya kushikia namba, namba za biti 32, amri 14 basi. Kujumlisha ipo, kuzidisha ipo, kugawanya ipo, kutoa hakuna. Ukitaka kutoa, pindua biti zote, ongeza moja, kisha jumlisha. Nimeupenda ubahili huo. Jumatano jioni nilikuwa nimemaliza kuandika yote kwa lugha ya C, mistari haifiki 150, nikajiona fundi.

Nikaiwasha, ikafa papo hapo. Baiti nilizisoma kinyume. Hilo lilikula nusu saa tu, tuliache.

Kilichonitesa ni amri namba 12, ya kupakia programu. Maelezo yanasema: nakili safu (orodha ya namba kwenye kumbukumbu) iliyotajwa, iweke mahali pa programu inayoendeshwa, endelea kuanzia hatua uliyoelekezwa. Nikatii neno kwa neno. Programu ya majaribio ikaanza kuhesabu kushuka kutoka 100, ikatoa mistari miwili mitatu, kimya. Feni inavuma tu. Mdogo wangu akapita na kikombe chake: "Kaka, hicho kitu kimeganda?" Nikamjibu kinafikiri.

Siku mbili nimewinda kosa ambalo halikuwepo. Majibu yalikuwa sahihi, ila yanakuja kwa kujikokota. Mashine hii haina amri nyingine ya kuruka kwenda hatua nyingine, kwa hiyo kila kitanzi, yaani kila kipande kinachojirudia, kinapitia hiyo hiyo 12, na karibu kila mara safu inayotajwa ni ya 0, yaani programu ile ile inayoendeshwa. Nilikuwa nahamisha nyumba nzima, vyombo na vitanda, kila nikitaka kutoka sebuleni kwenda jikoni.

Nimeongeza mstari mmoja: ikiwa ni 0, usinakili, sogeza tu kielekezi, alama ya hatua inayofuata. Namba zikamwagika hadi mwisho.

Nikalipakia faili kubwa. Likadai ufunguo, nikalipatia. Kumbe ndani yake mna mfumo mzima wa kompyuta, UMIX, unanisubiri niingie. Nimeingia kama mgeni. Mdogo wangu kalala, sina wa kumwonyesha.