Utando uliolewa maji

Aprili 2018 nilirudi Tanga kwa wiki mbili. Katikati ya kurasa za daftari langu nilikuwa nimebeba tando tatu, kila mmoja ukubwa wa stempu, wembamba kuliko unywele. Mpakani hakuna aliyeuliza. Ningeulizwa, ningesema ni roboti, na pengine nisingeruhusiwa kupita.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa masomo Ujerumani, katika maabara ya watu wanaotafuta misuli ya roboti laini: roboti za mpira na plastiki zinazoweza kushika nyanya bila kuipasua. Mota ni ngumu na nzito kwa kazi hiyo, kwa hiyo hutafutwa kitu kinachojikunja chenyewe. Hamu hiyo si ya leo. Mwaka 1880 Röntgen, yule ambaye baadaye aligundua eksirei, alitia umeme kwenye ukanda wa mpira uliovutwa na uzito, akauona ukirefuka. Mwaka 2013 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walionyesha utando wa miligramu 25, usio na betri wala waya, ulioendeshwa na mvuke wa maji tu, ukinyanyua mzigo mara 380 ya uzito wake. Habari hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Tando zangu zilikuwa duni zaidi. Ni kitosani, kitu kinachotolewa kwenye maganda ya kamba wa baharini. Unakiyeyusha katika asidi kali kiasi cha siki, unakimimina juu ya kioo, unakiacha kikauke, kisha unakibandua kama utando wa maziwa. Ukiuweka kiganjani, jasho huingia upande wa chini na kuuvimbisha, wa juu ukiwa bado mkavu, basi utando unainuka na kujikunja. Ukishanyanyuka unakauka, unanyooka, unaanguka, unaanza upya. Kinachoupa wepesi ni wembamba: ukipunguza unene kwa nusu, muda wa maji kupenya hushuka hadi robo. Ndiyo maana majira yote ya baridi nilikuwa namimina tando nyembamba na kuzichana wakati wa kuzibandua.

Siku ya tatu tangu nifike, mvua ya masika ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Bibi alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, hakuni chochote, anachambua choroko kwenye ungo. Mama yuko na jiko la mkaa. Nilikuwa nimeshajisifu mno, sikuwa na pa kukimbilia.

"Bibi, nipe kiganja."

Akanipa. Nikaweka utando. Tukangoja. Ukalala pale kama ganda la kitunguu lililorowa. Nikaugeuza, nikaupa kiganja changu, nikaupa cha binamu yangu anayetoka jasho hata akiwa amelala. Wapi! Nikatoa wa pili, mambo yaleyale. Binamu akasema Wazungu wameniuzia nailoni. Nami nikaanza visingizio: safari ndefu, joto la ndege, daftari limeubana.

Bibi akaunyanyua kwa kucha mbili, akautazama dhidi ya mwanga wa mlangoni.

"Mume wangu, hiki kimelewa maji. Hata ukili wangu wiki hii haukauki. Kipeleke jikoni."

Niliona aibu kabla sijaelewa vizuri. Kule maabara, wakati wa baridi na vipasha joto vimewashwa, unyevu wa hewa hushuka hadi asilimia 30. Tanga siku ile hewa yenyewe ilikuwa nusu maji. Utando ulikuwa umeshiba pande zote mbili, na kitu kilichoshiba pande zote hakina sababu ya kujikunja. Katika rasimu ya tasnifu yangu nilikuwa nimeandika, tena kwa wino wa kujiamini, kwamba utando huu unaitikia unyevu. Unaitikia tofauti ya unyevu kati ya upande mmoja na mwingine. Sentensi ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu watatu wasomi na hakuna aliyeigusa.

Nikaushika kwa koleo juu ya mkaa, umbali wa shubiri moja. Ukakakamaa, pembe zikajikunja. Bibi akasogeza kiganja chake karibu na jiko, nikaudondosha.

Ukaruka.

"Lahaula!" Bibi akautupa mkono, utando ukaingia moja kwa moja kwenye makaa. Jiko zima likanuka kamba walioungua, na Mama akaniuliza kama hiyo ndiyo shahada.

Wa pili aliushika vizuri. Ulipinduka mara nne, tulihesabu kwa sauti, hadi kiganja chake kikakauka kwa joto la jiko. Hakuonekana kushangaa sana. Alisema ni choroko tu: zikianikwa juani, maganda hukauka, yanalia ta! ta!, yanarusha punje na kujisokota kama parafujo. Nikamwambia ndivyo hasa, nyuzi za ganda zimelala mshazari, kila tabaka linanywea kwa upande wake.

"Kwa hiyo umevuka bahari kusomea choroko."

Kisha akauliza kinafaa nini. Nikamweleza mkono wa roboti unaoshika yai. Akafikiri, akauliza kama kinaweza kumwambia lini aanue nguo. Nilicheka. Usiku, kitandani, sikucheka tena. Nililifikiria swali lile hadi usingizi ukanipita.

Utando wa tatu nilimwachia. Aliubandika kwa upande mmoja kwenye kalenda ya ukutani, chini ya picha ya msikiti. Februari iliyofuata, kaskazi imeshika, nilimpigia simu, na kabla sijamaliza shikamoo akaniambia kimejikunja chote, na nguo zake zimeshakauka tangu saa nne.