Mlango wa koteji kwa nyumba ya Tabora: mbao, bawaba, rangi na shada

Picha za milango ya koteji, zile nyumba ndogo za mashambani Uingereza, zimejaa kwenye simu za watu wanaojenga: mbao za wima, bawaba ndefu nyeusi, kidirisha cha kioo, shada la maua. Anayempelekea fundi picha hiyo bila maelezo hurudishiwa mlango wa flashi, yaani fremu iliyofunikwa plaiwudi, uliochorwa mistari juu ya plaiwudi hiyo. Kwa mbali unafanana. Mvua za Novemba zikianza kurukia sehemu yake ya chini, plaiwudi inabanduka. Haiba ya mlango huu inatokana na jinsi mbao zake zilivyofungwa, kwa hiyo tuanzie hapo. Mapambo ni kazi ndogo.

Mlango wenyewe ni mbao za wima zilizopangwa bega kwa bega, kila moja ikiwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Nyuma yake kuna mikanda mitatu ya mlalo na mbao mbili za mshazari. Ni ujenzi uleule wa mlango wa banda, ila umefanywa kwa adabu. Unaifaa Tabora kwa sababu kila ubao una ruhusa ya kusogea peke yake: kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa inakauka na mbao zinasinyaa, kuanzia Novemba mpaka Aprili zinavimba. Mlango uliogundishwa ukawa kipande kimoja kikubwa hauna pa kukimbilia, unapasuka.

Kwa mbao, chagua mninga kama mfuko unaruhusu. Hausinyai sana, mchwa hawaupendi, na randa inapita vizuri. Mkurungu nao ni mzuri lakini mzito, hivyo bawaba ziwe nene. Paini iliyotiwa dawa inafaa ikiwa utapaka rangi, na kama mlango uko chini ya baraza. Mkaratusi mbichi uache kabisa, utapinda kabla fundi hajamaliza kupiga msasa. Popote unaponunua mninga, omba risiti na uangalie alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa zikiwa kwenye toroli, kabla hata hazijawa mlango.

Ukavu usiupime kwa kuamini maneno ya muuzaji. Kata kipande cha sentimita 20, kipime kwenye mizani ya dukani, rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari. Zikisubiri, zipangwe kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene wa sentimita 2, kijiti kila nusu mita. Ukiziegemeza ukutani zitakauka zikiwa zimeinama.

Sasa vipimo. Kwa fremu ya sentimita 90 kwa 210, mlango wenyewe huwa karibu sentimita 84 kwa 204. Ubao wa 1x6 (unene wa inchi 1, upana wa inchi 6) ukishapigwa randa na kutolewa ulimi hufunika takriban sentimita 13. Weka tano kamili katikati na mbili za pembeni zilizopunguzwa, sentimita 9.5 kila moja. Fundi mwenye haraka ataweka sita kamili na kijiti cha sentimita 6 kumalizia, na jicho lako litakwenda kwenye kijiti hicho kila unapoingia nyumbani.

Kabla ya kuunganisha, paka rangi au vanishi kwenye ndimi na ndani ya mifereji. Usipofanya hivyo, ikifika Septemba mbao zikisinyaa utaona mistari ya mbao tupu kati ya kila ubao. Usitie gundi kati ya mbao. Ukifunga mlango wakati wa kiangazi acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kwenye kila kiungo. Kadi mbili za benki zikiwekwa pamoja ni kipimo tosha. Ukifunga Februari, mbao zikiwa zimevimba, zibane kabisa, zitajiachia zenyewe.

Mikanda iwe na upana wa sentimita 12 hadi 15 na unene wa milimita 30 baada ya randa: mmoja sentimita 20 kutoka juu, mwingine sentimita 25 kutoka chini, wa tatu kati yao. Skrubu za milimita 45 zikipigwa kutoka ndani zinashika vizuri bila kutokeza nje, mradi mbao za wima zina milimita 20. Kila ubao upate skrubu mbili kwa kila mkanda, yaani 42, na 14 nyingine kwa mishazari. Toboa kwanza kwa keekee. Mninga mkavu hupasuka ukilazimishwa.

Mshazari ndio unaokosewa kuliko yote, na ukikosewa hakuna bawaba itakayouokoa mlango. Ncha ya chini ya mshazari ikae upande wa bawaba, ncha ya juu iende upande wa kitasa. Hapo uzito wa mlango unasukumwa kwenda kwenye bawaba ya chini. Ukigeuzwa, ule ubao haubebi kitu, kona ya chini ya upande wa kitasa inashuka na kuanza kuchora nusu duara sakafuni. Ncha zake zikatwe zibane kabisa kwenye mikanda. Nafasi ya milimita 3 tu inatosha mlango kulala.

Bawaba ziwe zile za mkia mrefu, angalau sentimita 40, zikikaa juu ya mikanda. Bawaba za kawaida za inchi 4 zinashika ukingo wa ubao wenye milimita 20, na skrubu zake hung'oka mapema. Kuna jambo la kuamua hapa: mlango unaofunguka kwa ndani unaficha mikia ndani, kwa hiyo ile mikia myeusi unayoiona kwenye picha mara nyingi ni pambo tu lililopigiliwa nje. Fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia kutoka chuma bapa cha milimita 3, ncha akaichonga kama mkuki au jani. Mlango ukifunguka kwa nje, bawaba halisi ndizo zinazoonekana, lakini mwizi naye anaziona. Tumia bolti za kichwa cha mviringo zinazopita mpaka ndani na kufungwa kwa nati, na pini ya bawaba ichomelewe isitoke.

Kati ya mitindo yote ya koteji, ninaoupendelea kwa huku kwetu ni mlango wa nusu mbili, wa juu na wa chini. Mgeni akipiga hodi unafungua wa juu, mnasalimiana, kuku wanabaki nje na mtoto anayetambaa anabaki ndani. Ukate kwenye kimo cha sentimita 105 hivi. Hapo kila nusu inahitaji mikanda miwili, mshazari wake na bawaba mbili, pamoja na komeo la kuziunganisha kwa ndani. Ukifunguka kwa nje, nusu ya juu iwe na mdomo unaofunika kiungo ili maji yasiingie. Ukifunguka kwa ndani mdomo huo utaizuia isifunguke, kwa hiyo badala yake pigilia nje, chini ya nusu ya juu, kipande chenye mteremko na mfereji mdogo kwa chini ili tone likatike hapo. Kipande kama hicho kiwekwe pia chini kabisa ya mlango wowote usio na baraza.

Miimo ya fremu isizamishwe kwenye zege la sakafu, ingawa ndivyo inavyofanywa mara nyingi. Maji ya kudekia yanapanda kwenye mbao, na mchwa wanapata ngazi. Iache milimita 5 juu ya sakafu. Oili chafu ipakwe upande unaogusa ukuta tu, maana juu yake rangi haishiki.

Tundu la barua usiweke. Barua zetu zinaishia sanduku la posta, na tundu hilo litapitisha vumbi na mende.

Kwa rangi, kijani kilichofifia, bluu ya kijivu na krimu ndizo zenye sura ya koteji, na zinapendeza kwenye ukuta mweupe au wa matofali ya kuchoma. Rangi nzito kama nyeusi au bluu iliyokoza zinakunywa joto. Mlango unaotazama magharibi ukiupaka hivyo, jua la alasiri ya Oktoba litazivuta mbao zake mpaka ubinuke. Hata mlango wa kaskazini haujasalimika: Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Nusu lita ya rangi ya msingi na lita 1 ya rangi ya mafuta zinatosha mlango pande zote mbili na fremu, mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili. Ukingo wa chini upakwe kabla ya kutundika, kwa sababu baadaye hakuna atakayelala chini kuupaka.

Anayetaka kuuonyesha mninga wenyewe anashawishika kutumia nta ya nyuki, tena Tabora haikosi. Gramu 100 za nta kwa mililita 300 hadi 400 za tapentaini: yeyusha nta ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji ya moto, ondoa motoni, ndipo utie tapentaini. Inang'aa vizuri upande wa ndani. Nje jua huilainisha, vumbi likaganda. Na ikumbukwe wafugaji hupaka nta ndani ya mzinga ili kuvuta nyuki. Kama juu ya fremu kuna uwazi ukutani, uzibe kwanza.

Shada la sentimita 40 hadi 45 linatosha kwa upana huu. Pinda waya mnene uwe duara, kisha funga masuke ya mtama na ukindu kwa waya wa kufungia nondo, yote yakielekea upande mmoja. Masuke yaanikwe mpaka yakauke kabisa, la sivyo fukusi watayatafuna, na chembe zikibaki ndege watakuja. Litundike kwa ndoano iliyoshikwa kwenye mkanda, na kila wiki mbili libandue uangalie nyuma, nyigu wanapenda kujenga hapo. Vyungu vya shubiri au mrehani vikae sentimita 15 kutoka kwenye fremu, ili maji ya kumwagilia yasirukie miimo.