Noah ya Mwalimu

Noah ililetwa gerejini kwetu Pasua ikiwa imeshalipiwa, na shida ilianzia hapo. Ilikuwa Aprili 2017, Moshi inanyesha kila jioni. Binti wa mwalimu mmoja mstaafu alishuka, akatukabidhi funguo: "Kaka zangu, nataka baba aingie humu akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Amechoka kubebwa."

Wengi hununua hivyo, gari kwanza, mtu baadaye. Toyota huunda Noah za Welcab, ambazo zina vifaa vya kupandisha kitimwendo tangu kiwandani. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa Noah ya kawaida, ya kubebea watoto na mikungu ya ndizi.

Tuling'oa siti za kati na za nyuma, tukatoa futi. Kutoka ardhini hadi sakafu, sentimita 60. Uwazi wa mlango wa nyuma, 118. Sakafu hadi dari, 135. Ndipo tukampima Mwalimu mwenyewe akiwa kitini, kutoka ardhini hadi utosini: 132. Mlangoni angeinamisha kichwa, hilo halikututisha. Kilichotutisha ni zile sentimita 3 za juu. Kwa matuta ya barabara ya Arusha, angefika amevimba kichwa.

Mwenzangu akaminya mto wa kiti. "Huu tuupunguze." Nikakataa. Mwalimu hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, na mto ule mnene ndio unaomkinga na vidonda vya mgandamizo, ambavyo vikishaingia huchukua miezi kupona. Ukitaka kushusha kiti, shusha chuma. Tukamwita kijana aliyesomea viti vya magurudumu pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC. Akabadili magurudumu ya nyuma kutoka inchi 26 kuwa 24. Hapo kiti kilishuka sentimita 2.5 tu, maana kitovu cha gurudumu hushuka nusu ya tofauti ya kipenyo. Akapandisha ekseli tundu moja kwenye fremu, tukapata 2.5 nyingine. Jumla sentimita 5. Magurudumu madogo ya mbele nayo akayapandisha sentimita hizohizo 5, la sivyo kiti kingelalia nyuma. Kichwa kikapata nafasi ya 8.

Njia ya kupandia ilitusumbua zaidi. Kwenye majengo hupendekezwa mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za urefu, lakini kwa kimo cha sentimita 60 hiyo ni mita 7.2, ungeanzia uani kwa jirani. Tukachukua 1 kwa 4, yaani mita 2.4, kwa kuwa atakuwepo wa kumsukuma. Bamba la chuma la milimita 3, upana sentimita 80, lilikuwa na kilo 45 hata kabla ya fremu. Binti asingeliinua. Alumini ya unene uleule haikufika kilo 16, ila mashine yetu ya kuchomelea haishiki alumini, kwa hiyo kila kiungo kikawa cha bolti na ribiti. Kingo tulizikunja juu sentimita 5, zilipe bamba ugumu na kuzuia gurudumu lisichomoke pembeni. Katikati tukatia bawaba, likunjwe.

Kufunga kiti ndiko wengi wanakokosea. Noah haina chasisi ya ngazi, ile fremu nzito ya chuma chini ya bodi, kama Land Cruiser. Sakafu yake ni bati, na bolti ikikazwa kwenye bati tupu siku ya ajali inang'oka nalo. Tulitumia matundu ya siti ya kiwandani kila yalipofaa, na palipobidi kutoboa tukaweka chini yake bamba la sentimita 10 kwa 10, unene milimita 5, na bolti za milimita 10 zenye alama ya uimara ya 8.8. Kabla ya drili, mtu mmoja alilala chini ya gari na tochi: huko kuna tangi la mafuta na mabomba ya breki. Mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma, yote ikashika fremu ya kiti. Usifunge kwenye gurudumu wala kwenye kiegemeo cha mkono kinachochomoka. Mkanda wa mtu ni mwingine kabisa, unapita chini ya kiegemeo na kulala juu ya mifupa ya nyonga.

Jaribio la kwanza tulipandisha kiti kikiwa na gunia la mchanga. Katikati ya njia msukumaji akataka kupumzika, akavuta breki za kiti, akaachia. Kiti kikarudi. Tulikidaka watu watatu. Tulipochungulia, kishikio cha breki kilikuwa kinafunga hewa: ukingo wa gurudumu jipya la inchi 24 umerudi nyuma na breki imebaki palepale pa zamani. Dakika kumi za spana, basi. Lakini lile gunia lingeweza kuwa Mwalimu.

Jumamosi asubuhi tukampandisha Mwalimu mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Mmenifunga kama gunia la kahawa."

Tukazunguka mjini, tukapanda hadi KCMC. Kiti hakikusogea hata kidole. Binti akageuka: "Baba, uko sawa?"

"Niko sawa. Ila naona miguu ya watu tu. Kibo imefunguka leo?"

Ilikuwa imefunguka, nyeupe kabisa. Macho yake yalikuwa juu ya ukingo wa juu wa dirisha, hilo hatukulipima. Kumshusha zaidi kungetaka kukata sakafu, na chini yake kuna tangi. Tukamweleza hivyo. Akaguna, akainama mpaka kidevu kikagusa kifua, akachungulia.