Banda la kuku wa mbegu, Tukuyu

Huku kwetu mvua haiulizwi itakatika lini. Ikianza Novemba, watu wanaendelea na shughuli zao chini yake mpaka Mei. Udongo wetu wa volkano unaotupa ndizi na chai, ukikanyagwa na kuku wiki nzima, unageuka uji. Ndiyo maana banda hili nimelifikiria muda mrefu kuliko nyumba ninayolala.

Ni banda la kuku wa mbegu. Mitetea ya kienyeji niliyoichagua mwenyewe, na jogoo mmoja kwa kila mitetea kumi hivi. Kuku wa nyama hata akichafuka kidogo, mwisho wake ni sufuria. Kuku wa mbegu yai lake linakwenda kwenye mashine ya kutotolesha: joto la nyuzi 37.5, unyevu, siku 21. Starehe hiyo bakteria nao wanaipenda. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na ukiliosha kwa maji baridi, ute na kiini ndani yake vinasinyaa, uchafu unavutwa kuingia. Kwa hiyo yai lenye tope mimi silioshi wala siliweki kwenye mashine. Nalikaanga.

Leo asubuhi nilikaa juu ya ndoo nikimtazama mtetea mmoja wa madoadoa akiingia kutaga. Aligeuka kiotani, akavuta kwa mdomo yai la mwenzake hadi chini ya kifua, kisha akalipanda. Kucha zikapita juu ya ganda, kwaruu. Hapo ndipo utajua yai linachafukia wapi. Watu tunabadilisha maranda ya viota kila kukicha, kumbe tope limekuja na miguu kutoka nje.

Fundi alinishangaa sana wakati wa kujenga. "Mama, hela yote unaifukia chini?"

"Fukia tu, fundi."

Hesabu ilikuwa rahisi. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu ni mita 6 kwa 4, basi mvua ya milimita 40, ambayo huku si ajabu, inamwaga lita 960 mlangoni mwa kuku. Sasa upenu umetoka karibu mita nzima, gata zinapeleka maji kwenye tangi, na upande wa mlimani tumechimba mtaro wa kukinga maji yanayoshuka kutoka shamba la juu, yanazungushwa hadi migombani. Sakafu imeinuliwa kwa mawe na moramu iliyoshindiliwa. Kwa nje, kokoto nimeziweka mlangoni peke yake, maana pale ndipo wanapokanyaga wote, kutoka na kurudi. Uwanja nimeugawa nusu kwa nusu, upande mmoja unapumzika nyasi zirudi.

Tope la ndani lina chanzo chake, nacho ni chombo cha maji. Kuku wanamwaga, wanaparua, maranda yanalowa. Chombo sasa kinakaa juu ya wavu wenye shimo la kokoto chini yake, ukingo wake sawa na mgongo wa kuku. Maranda makavu ndiyo kinga kubwa ya kuhara damu: vijimayai vya vimelea vinavyotoka na kinyesi vinahitaji unyevu na joto ili viweze kuambukiza, na vikiupata, siku moja au mbili zinatosha.

Kuna jambo ambalo sikubaliani na majirani zangu. Kwa sababu ya baridi ya huku, wengi wanaziba banda kwa turubai pande zote. Kuku mkubwa baridi anaivumilia. Kinachomuumiza ni unyevu na ile harufu kali ya mkojo inayochoma macho. Ingia banda la namna hiyo, chuchumaa mpaka usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Mimi nimeacha wavu sehemu ya juu, upande usiopigwa na upepo wa mvua.

Usafi wote huu hauzuii kideri, ule ugonjwa wa virusi unaomaliza kuku, naomba nieleweke. Tone moja la chanjo yake, I-2, jichoni kila baada ya miezi mitatu, na tunachangiana chupa na majirani kwa kuwa chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja.

Mayai naokota mara kadhaa kwa siku, nayapanga ncha iliyochongoka ikiwa chini, na hayapitishi wiki kabla ya kuingia kwenye mashine. Kona ya karibu na geti bado inateleza. Lori la moramu haliwezi kupanda huku kabla barabara haijakauka, kwa hiyo nimeizungushia waya wasipite, na fundi nimemwambia aje Juni.