Daftari la Hisabati

Kijana alikuwa Kidato cha Pili, katika skuli yetu ya pwani ya Kusini Unguja, na kikao kiliitishwa ili asimamishwe masomo. Alimrushia mkoba mwalimu wa nidhamu na kumtolea maneno ambayo sitayaandika. Mama yake aliitwa kutoka kwenye mwani; akaja vidole vimechubuka kwa kamba na maji ya chumvi, akakaa ukingoni mwa kiti.

Nilikuja na daftari lake la Hisabati, nikalifungua mbele ya mwalimu mkuu. Januari, kila jibu limepigiwa mstari kwa rula. Mwezi wa tatu, nusu ukurasa. Baada ya hapo tarehe tu, kwa mwandiko uliolegea. Mtoto mkaidi hahangaiki kuandika tarehe kila siku. Huyu alikuwa akijaribu.

Nikawaeleza kuwa sonona, maradhi ya huzuni nzito, kwa vijana si lazima ije na machozi. Mara nyingi huja na hasira, uchovu, usingizi kuharibika, na mtu kuacha alichokuwa akikipenda. Nikamuuliza mama habari za mpira.

"Kauacha tokea kabla ya Ramadhani. Usiku halali. Tumemsomea, tumemnywesha kombe."

Nikamwambia aendelee na dua, ila tuongeze na daktari. Akashtuka.

"Kidongo Chekundu? Watamwita mwehu, mwanangu, mpaka mke akose!"

Jina la hospitali ile ya maradhi ya akili ni zito kwetu, na naamini hofu hiyo inawachelewesha watoto wengi kutibiwa. Tulipanda daladala sote watatu. Daktari alimuuliza kijana waziwazi kama amewahi kufikiria kufa. Akauliza pia kama kuna vipindi ambapo halali usingizi na bado ana nguvu nyingi na maneno hayamwishi, kwani hayo ni maradhi mengine, yenye dawa nyengine.

Lakini mtoto anashinda skuli, si hospitali. Tukamweka karibu na mlango, atoke akizidiwa bila kuomba ruhusa. Penye maswali kumi afanye manne. Kila asubuhi apitie kwangu kwanza. Mwalimu wa nidhamu alisema ni upendeleo, tukabishana muda mrefu.

Muhula wa pili sonona ilimrudia. Safari hii mwalimu wa nidhamu ndiye aliyenifuata darasani: "Dada, hebu njoo umtazame kijana. Tangu asubuhi hajafungua mkoba."