Porti nne, moja imejaa: swichi inavyogawa mzigo wa data

Ukiunganisha porti nne za gigabiti 1 ziwe kikundi kimoja, hupati laini ya gigabiti 4. Unapata laini nne za gigabiti 1 pamoja na swichi inayoamua kila pakiti (kipande cha data) ipite wapi, na katika kuamua huko haiangalii porti ipi ina nafasi. Swichi nyingi hazina habari kama porti ya kwanza imejaa na ya tatu imelala. Huchukua namba chache zilizoandikwa kwenye pakiti, hupiga hesabu iitwayo hashi, na jibu linalotoka ndiyo porti. Ukishalishika hilo, malalamiko mengi ya aina ya "nimeongeza kebo lakini kasi iko palepale" yanajieleza yenyewe.

Chanzo cha utaratibu huu ni haja ya kulinda mpangilio wa pakiti. Pakiti za mazungumzo mamoja (mfululizo wa data kati ya pande mbilizile) zikitawanywa kwenye porti mbili zitafika zimepishana, maana foleni za porti hazilingani. Mpokeaji wa TCP (itifaki inayohakikisha data yote inafika kwa mpangilio) akiona pengo hurudia kutuma uthibitisho uleule. Marudio yakifika matatu, mtumaji huhesabu kwamba pakiti imepotea, huituma upya na kupunguza mwendo. Pakiti ilichelewa tu, lakini kasi imeshashuka. Kwa hiyo kiwango cha IEEE, kilichotoka kama 802.3ad mwaka 2000 na kuhamishiwa 802.1AX mwaka 2008, kinataka mpangilio wa kila mazungumzo usivurugwe, na njia iliyozoeleka ya kulitimiza hilo ni kuyapa mazungumzo mamoja porti moja. Kunakili faili kubwa kutoka seva moja kwenda nyingine kwa muunganisho mmoja wa TCP hakutavuka takriban megabiti 940 kwa sekunde, hata kikundi kiwe na porti nane. Linux ina hali ya `balance-rr` inayogawa pakiti moja moja kwa zamu, na ndiyo inayoleta upishano huo. Mimi siiweki kwenye mtandao wenye watumiaji.

Tuitazame hesabu yenyewe. Chukua kikundi cha porti nne, na swichi inayochukua biti mbili za mwisho za IP ya mtumaji na za IP ya mpokeaji, kisha kuzilinganisha kwa XOR: biti zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana ni 1. Seva ni 192.168.10.5. Tano kwa biti ni 101, kwa hiyo mbili za mwisho ni 01. Kompyuta nne zimepewa .20, .24, .28 na .32. Namba hizo zote zinagawanyika kwa 4, hivyo biti zake mbili za mwisho ni 00. Kila moja ikilinganishwa na seva inatoa 01. Kompyuta nne, porti moja, na porti tatu hazina kazi. Zibadilishe ziwe .20, .21, .22 na .23, majibu yanakuwa 01, 00, 11 na 10, kila moja na porti yake. Swichi za leo huchanganya biti nyingi zaidi ya hizo, kwa hiyo mambo hayawi wazi namna hii, lakini kanuni haibadiliki: kama namba unazoipa swichi hazitofautiani, hesabu haiwezi kuzitofautisha.

Hapo ndipo uchaguzi wa hashi unapokuwa kazi ya fundi. Swali la kujiuliza ni hili: kwenye trafiki inayotoka upande huu, ni kitu gani kinachobadilika kutoka pakiti moja hadi nyingine? Nasema "upande huu" kwa kukusudia, kwa sababu kila kifaa kinagawa kile kinachotoka kwake tu. Swichi yako haina sauti juu ya namna ruta ya upande wa pili inavyorudisha majibu, wala LACP (itifaki ambayo vifaa viwili huitumia kukubaliana kuunda kikundi) haivilazimishi vitumie hashi moja.

Mfano wa kawaida kabisa ni swichi ya Cisco Catalyst 2960 iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. Hashi yake ya kuanzia ni `src-mac`, yaani MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya mtumaji peke yake. Trafiki ya kwenda juu inagawanyika vizuri kwa sababu kila kompyuta ina MAC yake. Lakini mweke ruta upande mmoja wa swichi, na kikundi cha porti upande wa watumiaji: kila pakiti inayotoka intaneti inabeba MAC ya ruta ileile. Porti moja inabeba upakuaji wote wa jengo. Dawa ni amri moja:

`port-channel load-balance src-dst-ip`

Kwenye 2960 amri hiyo ni ya swichi nzima, haiwekwi kwa kikundi kimoja kimoja. Ukiibadilisha kwa ajili ya kikundi cha ruta umeibadilisha na ya seva ya hifadhi, kwa hiyo angalia vikundi vyote kwanza. Swichi hiyo pia haisomi namba za porti za TCP na UDP (namba zinazotambulisha programu, si matundu ya kebo) katika hesabu yake, na kwa hiyo seva mbili zikiongea zenyewe kwa zenyewe, hata kwa miunganisho ishirini, zitabaki kwenye porti moja.

Kwa watoa huduma wadogo wa intaneti wanaotumia PPPoE (itifaki inayofunga trafiki ya kila mteja ndani ya kikao chake hadi kwenye ruta), `src-dst-ip` ni mtego. Pakiti ya PPPoE ina aina 0x8864, na swichi nyingi za tabaka la pili (zinazofanya kazi kwa MAC) hazichimbi ndani ya hapo kuitafuta IP. Haikuti cha kuhesabu, inarudi kwenye MAC au inatupa kila kitu porti moja, kutegemea chipu. Sasa fikiria MAC zilizopo: kwenda juu, mtumaji ni mteja (anabadilika) na mpokeaji ni ruta ya PPPoE (habadiliki). Kurudi chini ni kinyume chake. `dst-mac` itaharibu njia ya juu, `src-mac` itaharibu njia ya chini. `src-dst-mac` inafaa kote kuwili, kwa sababu daima kuna MAC ya mteja upande mmoja. Kwenye ruta, kikundi kiwekee hashi ya tabaka la pili, maana hapo napo kinachotofautiana ni MAC ya mteja.

Kwenye MikroTik kikundi kinaundwa hivi:

`/interface bonding add name=bond1 slaves=ether1,ether2 mode=802.3ad transmit-hash-policy=layer-2-and-3 lacp-rate=1sec`

Kisha `bond1` ndiyo inayoingizwa kwenye bridge, na `ether1` na `ether2` ziondolewe huko kabla. Jambo moja linalowapotezea watu muda: kwenye swichi za CRS3xx, kikundi kikifanya kazi ndani ya chipu, chipu hutumia mchanganyiko wake wa tabaka la pili (MAC), la tatu (IP) na la nne (namba za porti za TCP na UDP), na kubadilisha `transmit-hash-policy` hakuleti tofauti yoyote. Usikae usiku ukijaribu sera tatu ukidhani umekosea.

Kwenye Linux, hashi ya kuanzia ya bonding (jina la kikundi cha porti huko) ni `layer2`, ambayo ni XOR ya baiti ya mwisho ya MAC mbili na aina ya pakiti, ikigawanywa kwa idadi ya porti na kuchukua kinachobaki. Seva inayotoa huduma nje ya mtandao wake hupeleka kila kitu kwa MAC ya ruta, kwa hiyo hapo `layer2` haigawi chochote. Weka `layer3+4` kama miunganisho ni mingi. Dosari yake ni pakiti za UDP zilizokatwa vipande: vipande huhesabiwa bila namba za porti, pakiti nzima za mazungumzo yaleyale huhesabiwa nazo, hivyo zinaweza kupita njia tofauti na kufika zimepishana. Kama mtandao wako una UDP kubwa inayokatwa, `layer2+3` ni salama zaidi.

Idadi ya porti nayo ina siri yake. Catalyst nyingi hutoa jibu la biti tatu, yaani mafungu 8, na mafungu hayo ndiyo yanayogawiwa porti. Porti mbili hupata 4 na 4. Porti nne hupata 2 kila moja. Porti tatu hupata 3, 3 na 2, kwa hiyo mbili zinabeba asilimia 37.5 kila moja na ya tatu 25. Sasa ongeza ya tano kwenye kikundi cha nne: mgawo unakuwa 2, 2, 2, 1, 1. Porti tatu bado zinabeba asilimia 25 kila moja, sawasawa na zilivyokuwa. Zikijaa hizo, wateja wake wanaumia, na kebo mpya ina nusu ya kazi. Hali ni hiyo kwa porti sita na saba pia. Kwa mgawo huu, kutoka nne ruka hadi nane, au usiruke kabisa. Swichi zenye mafungu mengi zaidi hupunguza tatizo hili. Na kama vifaa vya pande zote vina nafasi za SFP+, laini mbili za gigabiti 10 ni bora kuliko nane za gigabiti 1: mteja mmoja anaweza kuvuka gigabiti 1, na una kebo mbili za kufuatilia badala ya nane.

LACP iwekwe, na iwekwe `active` pande zote mbili. `passive` na `passive`, kila moja ikisubiri mwenzake aanze, hazitaongea kamwe. Hali ya `on`, isiyo na LACP, inaunga porti bila kuuliza nani yuko upande wa pili, na hapo ndipo hitilafu mbaya zaidi hutokea. Tuseme kuna vigeuzi vya faiba katikati ya swichi mbili. Faiba moja inakatika, lakini kigeuzi kinaendelea kuiwashia swichi taa ya kijani. Swichi inaamini porti ni nzima na inaendelea kuipelekea fungu lake la mazungumzo, yote yanapotea. Dalili zake ni za pekee: ping inajibu kwa 10.0.0.8 na kugoma kwa 10.0.0.9, mteja mmoja anafungua tovuti hii na kushindwa ile, jirani yake kinyume chake. Ukiona ubaguzi wa namna hiyo usiobadilika, shuku mwanachama mmoja wa kikundi kabla ya kuishuku DNS. LACP ingemtoa mwanachama huyo baada ya kukosa ujumbe: sekunde 90 kwa mwendo wa polepole, ambapo ujumbe hutumwa kila sekunde 30, au sekunde 3 kwa mwendo wa haraka, ambapo hutumwa kila sekunde.

VMware, programu ya kuendesha seva pepe, inahitaji uangalifu hapa. Swichi pepe yake ya kawaida haina LACP, inayo ile ya distributed (inayosimamia seva nyingi kwa pamoja) tu. Kwenye ya kawaida, ukichagua ugawaji wa IP hash, swichi halisi lazima iwe `on`. Ukiweka `active`, swichi itasubiri ujumbe usiokuja.

Kuhakikisha hali, kwenye Cisco anza na `show etherchannel summary`. Kikundi kinatakiwa kionyeshe SU (kinatumika) na kila porti P (imo kikundini). Herufi ndogo s ina maana porti imesimamishwa. LACP haijibiwi, au mipangilio haifanani na ya wenzake, kwa kawaida kasi au orodha ya VLAN. Kisha iulize swichi yenyewe:

`test etherchannel load-balance interface port-channel 1 ip 192.168.10.20 192.168.10.5`

Itakutajia porti itakayochaguliwa. Kwenye Linux soma `/proc/net/bonding/bond0`, na hakikisha wanachama wote wana Aggregator ID moja. Zikitofautiana, mara nyingi kebo zimeingia swichi mbili zisizo kitu kimoja, na wanachama wa Aggregator usiochaguliwa hawabebi chochote.

Ukipima kwa SNMP (itifaki ya kusoma takwimu za vifaa vya mtandao) tumia kaunta za biti 64, `ifHCOutOctets`. Kaunta ya biti 32 kwenye porti ya gigabiti 1 iliyojaa hurudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi, na grafu ya kila dakika tano itakudanganya. Punguza pia muda wa kukokotoa wastani wa porti kwa `load-interval 30`. Porti inayoonyesha asilimia 40 huku pakiti zilizotupwa zikiongezeka inapokea milipuko mifupi ya milisekunde chache inayojaza bafa, na hilo halimalizwi na hashi pekee.

Trafiki ndani ya handaki (pakiti zilizofungwa ndani ya pakiti nyingine) haigawanyiki kirahisi. Ofisi mbili zilizounganishwa kwa GRE au IPsec, kwa swichi za katikati, ni IP mbili tu. VXLAN, handaki jingine, ilitengenezwa ikilijua hilo: namba ya porti ya mpokeaji kwa kawaida ni 4789, lakini namba ya porti ya mtumaji hubadilishwa kufuatana na pakiti ya ndani, kwa hiyo hashi ya tabaka la nne inapata cha kushika. Kwa hifadhi ya iSCSI (diski inayofikiwa kupitia mtandao) acha kikundi, tumia MPIO (seva yenyewe hugawa mzigo kwa njia kadhaa), iweke kila kebo na IP yake. Kwa NFS (kushirikiana faili kupitia mtandao), Linux kuanzia toleo 5.3 ina chaguo la `nconnect`, linalofungua hadi miunganisho 16 kwenye seva moja, na `layer3+4` inaitawanya.

Ukiwa na ngazi mbili za swichi za muundo mmoja, kuna hitilafu nyingine. Ngazi ya kwanza inapiga hashi na kupeleka yote yenye jibu 0 kwa swichi A. Swichi A ikipiga hesabu ileile juu ya pakiti zilezile, itapata 0 kwa zote, na porti yake ya pili haitaona kitu. Vifaa vingi vina namba ya mbegu inayoongezwa kwenye hesabu. Ipe kila ngazi yake.

Baada ya mabadiliko, jaribu kwa `iperf3` ukitumia `-P 8`, halafu tena na `-R` kuona upande wa kurudi. Kama hashi yako inaishia kwenye IP, mashine mbili zitajaza porti moja tu hata uweke `-P 50`. Tafuta mashine nne au zaidi zenye anwani zinazofuatana. Halafu, saa ambayo wateja wamelala, chomoa kebo moja huku ping ikiendelea na uhesabu zilizopotea. Irudishe. Chomoa inayofuata, hadi zote ziishe, na andika porti ipi ilichelewa kurudi.